Madaktari wa mapafu wa Ujerumani wakisema, ni nani hasa anayesema?

Mwezi Januari 2019 vyombo vya habari vya Ujerumani vilitangaza kwamba madaktari wa mapafu wanapinga viwango vya uchafuzi wa hewa. Watu walikuwa wamegawanyika tayari. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 27 Februari 2018, Mahakama Kuu ya Utawala mjini Leipzig ilikuwa imeamua kwamba miji inaweza kupiga marufuku magari ya dizeli ya zamani. Hamburg ilifunga barabara mbili kwa magari hayo mwishoni mwa Mei 2018, na Stuttgart ikafuata Januari 2019. Mwenye gari la dizeli alilonunua kwa mkopo alikuwa anaambiwa asiingie mjini kwa sababu ya gesi asiyoiona, nitrojeni dioksaidi. Sasa anasikia madaktari wa mapafu, watu waliosomea kifua, wanasema gesi hiyo haina tatizo. Nani asingewaamini?

Lakini habari hiyo ilitokana na waraka, na aliyeuandika alikuwa mtu mmoja, Profesa Dieter Köhler, daktari bingwa wa mapafu aliyestaafu. Aliwahi kuwa rais wa chama cha kitaalamu cha madaktari wa mapafu nchini humo. Neno "aliwahi" ndilo lililopotea njiani. Katika mazungumzo ya mtaani "rais mstaafu wa chama" akawa "rais wa chama", kisha "chama", na mwisho wa safari akawa "madaktari". Mkanganyiko huu haukuisha mwaka ule, na unajirudia kila daktari mwenye cheo anapotoa kauli. Dawa yake ni kujua daktari wa Ujerumani ni mwanachama wa nini na nini, na kila chombo kina kazi gani.

Tuanze na mtu mwenyewe. Daktari bingwa wa mapafu ni daktari wa magonjwa ya ndani aliyebobea katika mfumo wa upumuaji: pumu, nimonia, kifua kikuu, saratani ya mapafu, mapafu yaliyoharibiwa na sigara, kukosa pumzi usingizini, na wagonjwa wanaopumua kwa mashine. Si mpasuaji. Anayefungua kifua kwa kisu ni daktari mwingine mwenye ubingwa wake.

Ubingwa huu Ujerumani ulizaliwa na kifua kikuu. Mwaka 1854 Hermann Brehmer alianza kutibu wagonjwa katika kijiji cha milimani cha Görbersdorf, ambacho leo kiko Poland na kinaitwa Sokołowsko. Tiba yake ilikuwa hewa safi, chakula kingi na mapumziko. Robert Koch alitangaza bakteria wa kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Mwaka 1889 Peter Dettweiler wa Falkenstein akatoa kichupa cha kioo cha buluu cha kutemea makohozi, kidogo cha kuingia mfukoni, ili mgonjwa asiteme chini. Watu walikiita Heinrich wa Buluu. Kwa miongo mingi daktari wa mapafu alikuwa daktari wa sanatoria, yaani hospitali za mapumziko za wagonjwa wa kifua kikuu, na hata vyama vya kwanza vilijengwa juu ya vita hiyo. Kamati kuu ya Ujerumani ya kupambana na kifua kikuu ilianzishwa mwaka 1895, na ipo mpaka leo. Kifua kikuu kilipopungua, hospitali zile zile za milimani zikageukia sigara, pumu na mashine za kupumulia. Ndiyo maana hospitali kadhaa maarufu za mapafu za Ujerumani ziko vijijini, mbali na miji mikubwa.

Njia ya kufika huko ni ndefu. Chuo cha udaktari ni miaka sita, na mwaka wa mwisho ni wa vitendo wodini: vipindi vitatu vya wiki 16, kimoja cha magonjwa ya ndani, kimoja cha upasuaji, na kimoja cha kuchagua. Mtihani wa taifa una sehemu tatu. Akifaulu, mhitimu anaomba leseni ya udaktari, ambayo hutolewa na mamlaka ya jimbo lake. Leseni hiyo inamruhusu kutibu, ila haimfanyi bingwa. Kwa ubingwa wa magonjwa ya ndani na mapafu anahitaji miezi 72 ya kazi inayosimamiwa, yaani miaka sita mingine, ikiwamo miezi sita katika chumba cha wagonjwa mahututi na muda katika mapokezi ya dharura. Hujaza kitabu cha kumbukumbu cha kila alichojifunza: vipimo vya nguvu ya pumzi, kuingiza kamera kwenye koo la hewa, kutoa maji yaliyojaa kando ya pafu, kusoma picha za kifua.

Kipimo kimoja kinastahili kuelezwa, maana ndicho kinachomtofautisha daktari huyu na mwingine. Mgonjwa huketi ndani ya kibanda cha vioo kinachofanana na kibanda cha simu cha zamani. Mlango unafungwa, puani anabanwa kibanio, na anapumua kwa mdomo kupitia bomba. Kifua chake kikitanuka, shinikizo la hewa kibandani linabadilika kidogo mno, na mashine inasoma mabadiliko hayo. Kwa njia hiyo daktari anajua hata ile hewa ambayo mgonjwa hawezi kuitoa nje, hewa inayobaki mapafuni baada ya kupuliza mpaka mwisho. Kipimo cha kawaida cha kupuliza hakiwezi kuiona. Mtu mwenye mapafu yaliyolegea kwa sigara anaweza kuwa na lita nyingi zilizokwama humo, na ndiyo sababu anahema akipanda ngazi ilhali kifua chake kimejaa hewa.

Miaka 12 ikiisha kuna mtihani wa mdomo mbele ya jopo. Mtihani huo hausimamiwi na chuo kikuu wala na wizara. Wanaousimamia ni baraza la madaktari, na hapa ndipo vyombo vinapoanza kuchanganywa.

Ärztekammer ni baraza la madaktari la jimbo. Yako 17 katika nchi yenye majimbo 16, kwa sababu Nordrhein-Westfalen ina mawili, moja Düsseldorf na jingine Münster. Uanachama ni wa lazima kisheria: ukiwa daktari na unafanya kazi jimboni, wewe ni mwanachama na unalipa ada. Baraza huweka kanuni za maadili, huendesha mitihani ya ubingwa, hupokea malalamiko ya wagonjwa, na hukagua kama daktari anaendelea kujisomea. Bingwa anatakiwa kukusanya pointi 250 za mafunzo kila miaka mitano. Wanaoliongoza ni madaktari waliochaguliwa na madaktari wenzao, chini ya uangalizi wa jimbo. Juu ya mabaraza hayo kuna Bundesärztekammer mjini Berlin, iliyoundwa mwaka 1947, ambayo ni muungano wa mabaraza yenyewe. Mkutano wake mkuu wa kila mwaka una wajumbe 250, na ndio watu huuita bunge la madaktari.

Chombo cha pili ni Kassenärztliche Vereinigung, muungano wa madaktari wanaolipwa na bima ya lazima. Hicho ni cha pesa. Karibu watu tisa kati ya kumi Ujerumani wako kwenye mifuko ya bima ya afya ya lazima. Mifuko hiyo hailipi kila daktari mmoja mmoja. Huipa Vereinigung ya eneo fungu, nayo huwagawia madaktari wenye kliniki. Chombo hicho pia hushirikiana na mifuko ya bima kupanga eneo lina nafasi ngapi za daktari wa fani fulani. Daktari wa hospitali hahusiki nacho sana.

Cha tatu ni chama cha wafanyakazi, Marburger Bund, kilichoanzishwa mwaka 1947, kinachojadili mishahara na saa za kazi na kuitisha migomo. Kujiunga ni hiari. Kuna pia vyama vya maslahi ya fani, kama kile cha madaktari wa mapafu wenye kliniki mitaani na kile cha hospitali za mapafu.

Cha nne ndicho kilichoingia kwenye habari: chama cha kitaalamu, Deutsche Gesellschaft für Pneumologie und Beatmungsmedizin, chama cha elimu ya mapafu na tiba ya upumuaji wa mashine. Uanachama wake pia ni hiari. Kazi yake ni sayansi: kongamano la kila mwaka, utafiti, na miongozo ya tiba. Hakitoi leseni, hakifuti leseni, hakipangi mishahara, na hakiwezi kumwamuru daktari yeyote aamini jambo fulani.

Msomaji wa Kenya ana mfano wa karibu. KMPDC ndilo baraza linalosajili madaktari na kusikiliza mashtaka dhidi yao. KMPDU ndicho chama cha wafanyakazi kinachoitisha mgomo. KMA ni chama cha hiari cha taaluma. Herufi zinafanana, na watu huzichanganya kila mgomo unapoanza, lakini hakuna anayetarajia katibu wa KMPDU amfutie daktari usajili. Tanzania kadhalika: Baraza la Madaktari Tanganyika husajili, na Chama cha Madaktari Tanzania huwasemea wanachama wake. Tofauti kubwa ni kwamba baraza la Ujerumani linaendeshwa na madaktari wenyewe kwa kura zao.

Mgawanyo huu unawagusa moja kwa moja madaktari wa Afrika Mashariki wanaokwenda kufanya kazi Ujerumani. Wengi hujitayarisha kwa Kijerumani cha kawaida cha ngazi ya B2 wakidhani kinatosha, kisha wanakwama kwenye mtihani wa lugha ya kitabibu, ambao katika majimbo mengi unaendeshwa na baraza la madaktari. Una dakika 60 katika vipande vitatu vya dakika 20: kuzungumza na mgonjwa wa kuigiza, kuandika taarifa yake, na kumweleza daktari mwenzako. Kipande cha pili kinaweza kumwangusha mtu, kwa sababu barua ya Kijerumani ya mgonjwa ina mpangilio wake na dakika 20 hupita haraka. Leseni yenyewe inatoka kwa mamlaka ya jimbo. Chama cha kitaalamu hakina mkono hapo, na barua ya mapendekezo kutoka kwa rais wake haibadilishi chochote.

Turudi kwa Köhler. Alikuwa mganga mkuu wa hospitali ya mapafu ya Kloster Grafschaft huko Schmallenberg, katika vilima vya Sauerland, kwenye majengo ya iliyokuwa abasia, yaani makao ya watawa. Ni hospitali ya aina ile niliyoitaja, iliyo mbali na jiji. Alistaafu mwaka 2013. Kabla ya hapo wenzake walikuwa wamemchagua kuongoza chama cha kitaalamu. Hiyo ni heshima kubwa, na hakuipata kwa bahati. Lakini urais wa chama cha aina hii ni zamu. Mtu huchaguliwa kwa muda maalumu, huongoza halmashauri, husimamia kongamano, kisha humpisha mwingine. Akishaondoka, anabaki mwanachama mwenye kura moja. Akiandika barua baada ya hapo, ni barua yake, kama vile imamu mstaafu akitoa maoni yake barazani si fatwa ya msikiti.

Waraka wake ulipelekwa kwa wanachama wa chama, watu 3,800 hivi. Waliosaini walikuwa 112 hivi, yaani chini ya asilimia 3. Wengine waliupokea na kunyamaza, na kunyamaza hakutuambii wanafikiri nini. Miongoni mwa walioshiriki kuuandaa alikuwamo mhandisi wa injini. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Andreas Scheuer, aliupokea kwa mikono miwili.

Chama chenyewe kilikuwa kimeshasema. Miezi michache tu kabla, mwishoni mwa 2018, kilitoa waraka mrefu wa msimamo kuhusu hewa chafu na afya, uliosema kwamba madhara yake kwa mapafu, moyo na mishipa yamethibitishwa. Waraka wa aina hiyo huandikwa na jopo, hupitia maandiko ya kisayansi yaliyopo, hutaja tafiti zake, na halmashauri huupitisha. Barua ya Köhler ilikuwa na kurasa chache na haikuwa imepita kwenye mikono ya wahakiki wa jarida lolote. Hata hivyo uongozi wa chama haukumkana kwa ukali. Ulisema maoni hayo yachochee utafiti zaidi. Kwa maoni yangu huo ulaini uliongeza ukungu: wananchi walihitaji kuambiwa kwa sentensi moja fupi kwamba msimamo wa chama ni ule wa 2018.

Sasa hoja yenyewe, maana cheo peke yake hakimfanyi mtu awe na kosa wala awe sahihi. Tuzitaje kwanza namba. Sheria ya Ulaya iliweka kikomo cha nitrojeni dioksaidi, gesi inayotoka hasa kwenye injini za dizeli, kuwa wastani wa mikrogramu 40 kwa mita moja ya ujazo wa hewa kwa mwaka. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Chembechembe laini za vumbi na masizi zenye kipenyo kisichozidi mikromita 10 nazo zina kikomo cha 40 kwa mwaka.

Köhler alilinganisha na sigara. Alisema mvutaji wa pakiti moja kwa siku anavuta katika miezi isiyofika miwili chembechembe nyingi kama zile anazovuta asiyevuta sigara kwa miaka 80 akiishi kwenye hewa iliyo kwenye kikomo, na kwamba kwa oksidi za nitrojeni, kundi la gesi ambamo nitrojeni dioksaidi imo, tofauti inakaribia hiyo. Basi, akahoji, kama viwango ni vya kweli mbona wavutaji hawafi wote baada ya miezi michache?

Chukua kalamu. Mtu mzima huvuta hewa kama mita 15 za ujazo kwa siku. Zidisha kwa 40, unapata mikrogramu 600. Miaka 80 ni siku 29,200. Jumla ni mikrogramu milioni 17.5, yaani gramu 17.5, uzito wa vijiko vinne hivi vya chai vya sukari. Hicho ndicho anachovuta mtu maisha yake yote, iwe ni vumbi au ni gesi, kama kikomo ni kilekile.

Upande wa sigara, lami ya sigara moja, yaani chembechembe za moshi wake, Ulaya hairuhusiwi kuzidi miligramu 10. Sigara 20 ni miligramu 200 kwa siku. Gawanya gramu 17.5 kwa hiyo: siku 88, karibu miezi mitatu. Si miwili, lakini hatuko mbali sana. Kwa vumbi, hesabu ya uzito ilikosea kwa kiasi cha kuvumilika.

Kwa gesi, hesabu inaporomoka. Sigara moja inaweza kutoa mpaka mikrogramu 500 hivi za oksidi za nitrojeni. Tuchukue kwamba zote ni nitrojeni dioksaidi, ukarimu uliopitiliza. Sigara 20 ni mikrogramu 10,000, yaani miligramu 10 kwa siku. Gramu 17.5 gawanya kwa hiyo: siku 1,750, karibu miaka mitano. Na moshi mbichi wa sigara una nitrojeni oksaidi zaidi, ambayo ni gesi nyingine, huku dioksaidi ikiwa sehemu ndogo tu. Ukichukua sehemu moja ya kumi, unafika miaka 48. Miezi michache imekuwa zaidi ya nusu ya maisha. Gazeti la taz la Berlin lilichapisha makosa haya katikati ya Februari 2019, na Köhler alikubali kwamba alikosea katika hesabu, ingawa alishikilia kwamba hoja yake kuu haikubadilika. Wiki tatu nzima nchi ilikuwa imejadili karatasi ambayo mwalimu wa hesabu wa sekondari angeirudisha na wino mwekundu, na inasikitisha kwamba wizara haikuwa imeikagua kabla ya kuishangilia.

Lakini tuseme hesabu ingekuwa sahihi. Swali la "mbona hawafi" bado halisimami, kwa sababu madhara hayapandi sawasawa na kipimo. Mwenye kupika anajua: kijiko cha kwanza cha pilipili kwenye mchuzi kinabadilisha kila kitu, cha kumi hakibadilishi kama cha kwanza. Tafiti za moyo na hewa chafu zimeonyesha mchoro wa namna hiyo, unaopanda kwa kasi kwenye vipimo vidogo na kulala kwenye vipimo vikubwa. Tena wavutaji wanakufa mapema kweli. Mvutaji wa maisha yote hupoteza kwa wastani miaka 10 hivi. Na anayeanza kuvuta ni kijana mwenye kifua kinachostahimili, tofauti na mtoto mchanga au bibi mwenye pumu, ambao hawakuchagua barabara wanayoishi.

Hoja nyingine iliyosambaa sana ilikuwa ya namba 950. Kazini, mfanyakazi wa Ujerumani anaruhusiwa kuvuta mikrogramu 950 za gesi hiyo hiyo kwa mita ya ujazo, barabarani 40 tu. Ikaonekana ni ujinga wa wanasiasa. Ukweli ni kwamba namba hizi mbili hazipimi kitu kimoja. Ya kazini ni ya mtu mzima mwenye afya, saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, mahali ambapo gesi inatarajiwa na afya za watu hufuatiliwa. Ya barabarani ni ya kila mtu, saa 24, mwaka mzima, akiwamo mjamzito na mgonjwa wa moyo. Zaidi ya hapo, barabarani nitrojeni dioksaidi inatumika kama alama. Ukisikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa unajua kuna chakula kinachopikwa, ingawa chakula si vitunguu pekee. Gesi hii ikipanda, masizi na uchafu mwingine wa injini mara nyingi umepanda nayo.

Iliyowagusa watu kuliko zote ni kauli ya uzoefu. Köhler alisema katika miaka yake yote wodini ameona wengi wakifa kwa sigara, lakini hajaona hata mmoja aliyekufa kwa vumbi la barabarani au gesi hii. Sina shaka alisema kweli. Ila hakuna daktari anayeweza kuona jambo hilo kwa macho. Daktari wa wodi hajaona pia mgonjwa aliyekufa kwa chumvi. Ameona kiharusi. Chumvi ilipandisha shinikizo la damu miaka 20, na cheti kikaandikwa kiharusi. Hewa chafu hufanya kazi kwa njia hiyo: mgonjwa wa moyo anapata shambulio mapema kuliko ambavyo angepata, na cheti kinasema moyo. Ili kuiona lazima ulinganishe maelfu ya watu wa mitaa tofauti kwa miaka, ukitoa athari za sigara, umri na kipato. Kusini mwa California watoto wa miaka 11 hadi 15 walifuatiliwa hivyo kwa vizazi vitatu vya wanafunzi. Hewa ilivyozidi kusafishwa, mapafu ya waliofuata yalikua zaidi. Hakuna mzazi hata mmoja ambaye angeligundua hilo kwa kumtazama mwanawe.

Hapohapo namba za upande wa pili nazo zilisomwa vibaya. Mamlaka ya mazingira ya Ujerumani ilikadiria mwaka 2018 kwamba vifo karibu 6,000 vya moyo na mishipa mwaka 2014 vilihusishwa na nitrojeni dioksaidi. Magazeti yakaandika kana kwamba watu 6,000 wanaweza kutajwa majina. Hawawezi. Ni makadirio ya kitakwimu ya jinsi maisha yalivyofupishwa katika taifa zima, na mamlaka hiyo pia ilitoa hesabu ya karibu miaka 50,000 ya maisha iliyopotea. Hiyo ya pili inaeleza jambo vizuri zaidi, lakini haivutii kwenye ukurasa wa mbele.

Tarehe 9 Aprili 2019 chuo cha sayansi cha taifa, Leopoldina, chenye makao Halle, kilitoa tamko lililoombwa na serikali. Kilisema hakuna sababu ya kisayansi ya kulegeza viwango. Kikasema pia kwamba chembechembe laini zina madhara makubwa kuliko nitrojeni dioksaidi, na kwamba kufunga barabara moja moja kwa muda mfupi hakusaidii sana. Hapo Köhler alikuwa na sehemu ya haki: taifa lilikuwa limekazia macho gesi moja na kusahau masizi, yakiwamo ya majiko ya kuni majumbani. Kwetu tunaopika kwa kuni na mkaa katika vyumba visivyopitisha hewa jambo hilo si geni. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linapendekeza chembechembe ndogo kabisa, za mikromita 2.5 kushuka chini, zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mwaka, na jiko la kuni lisilo na dohani hupita mikrogramu mia kadhaa wakati ugali ukiwa motoni.

Kwa hiyo habari inayoanza na "madaktari wa Ujerumani wamesema" ikikufikia kwenye WhatsApp, tafuta kwanza jina la chombo. Kikitajwa baraza, tazama kama jambo ni la leseni, maadili au mitihani, maana ndiyo kazi yake. Kikitajwa chama cha kitaalamu, uliza kama ni waraka wa msimamo uliopitishwa na halmashauri au ni barua ya mwanachama. Kuhusu tiba, vyama hivi vina ngazi za miongozo zinazosimamiwa na muungano wao, AWMF, ulioanzishwa mwaka 1962. S1 ni makubaliano ya kundi la wataalamu. S2 ina makubaliano rasmi au mapitio ya ushahidi. S3 ina yote mawili, na ndiyo yenye uzito mkubwa. Ngazi huandikwa kwenye jalada. Kisha hesabu waliosaini, na ujue wamesaini kati ya wangapi: 112 ni wengi wakisimama ukumbini, ni wachache kati ya 3,800. Na penye namba, zidisha mwenyewe.

Viwango havikulegezwa. Mwaka 2017 miji 65 ya Ujerumani ilikuwa juu ya kikomo cha nitrojeni dioksaidi, 2018 ikawa 57, 2019 ikashuka mpaka 25, kadiri magari mapya yalivyozidi barabarani na mabasi ya zamani kubadilishwa. Sheria mpya ya Ulaya iliyopitishwa mwaka 2024 inakishusha kikomo chenyewe kutoka 40 hadi 20 kuanzia mwaka 2030.